Nusukaputi na Ganzi ya Mgongo katika Upasuaji wa Utumbo Mpana

Mkazi wa Saza, katika Wilaya ya Songwe, akigunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana, hana budi kusafiri hadi hospitali kubwa, kama Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mbeya, ili sehemu yenye uvimbe ikatwe. Kabla ya upasuaji hutakiwa kutia saini fomu ya ridhaa. Hapo yeye na ndugu zake huelezwa juu ya nusukaputi na sindano ya mgongo, na hapo hofu huzuka: huyu asema aliyepigwa nusukaputi haamki, yule asema sindano ya mgongo hulemaza. Yafaa basi kueleza jinsi njia hizi mbili zifanyavyo kazi, na kama mojawapo huzuia saratani isirudi.

Njia mbili za kuzuia maumivu

Maumivu huanza kama habari. Kisu kinapokata ngozi, neva huipeleka habari hiyo kwenye ugwe mgongo, yaani fungu la neva lipitalo ndani ya uti wa mgongo. Kutoka hapo hupanda hadi kwenye ubongo, na huko ndiko inakotambuliwa kuwa maumivu.

Chukulia mfano wa shimo la dhahabu. Mchimbaji aliye chini huvuta kamba ili kumjulisha mwenzake aliye juu. Habari hiyo yaweza kukosa kufika kwa sababu mbili: aliye juu amelala, au kamba imekatika. Nusukaputi humlaza aliye juu. Ganzi ya mgongo huikata kamba, lakini kwa saa chache tu.

Nusukaputi ilionyeshwa hadharani na William Morton mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, kwa kutumia mvuke wa etha. Siku hizi dawa hupitishwa katika mshipa wa damu, au huvutwa pamoja na hewa. Misuli ya tumbo hulegezwa ili daktari afanye kazi yake. Kwa kuwa misuli ya kupumua nayo hulegea, mpira hupitishwa kooni hadi katika njia ya hewa, na mgonjwa hupumuliwa kwa mashine. Kwa hiyo njia hii hudai oksijeni ya kutosha, vifaa vizima, na mtaalamu asiyebanduka kando ya mgonjwa.

Ganzi ya mgongo ilianzishwa na August Bier mjini Kiel, Ujerumani, mwaka 1898. Yeye alitumia kokeini. Leo hutumika zaidi bupivakaini. Dawa hii huziba milango ipitishayo sodiamu katika neva. Sodiamu isipoingia, mkondo wa umeme wa neva hausafiri. Sindano huchomwa kiunoni, chini ya mahali ugwe mgongo unapoishia kwa mtu mzima, ambapo mizizi ya neva huelea katika kimiminika. Ndiyo maana ulemavu wa kudumu hutokea kwa nadra sana.

Mipaka na faida

Kwa nini basi ganzi peke yake isitumike kwa kila mgonjwa wa utumbo mpana? Ngozi ya kitovuni huhudumiwa na neva ya kumi ya kifua, lakini ili mgonjwa asisikie utumbo na utando wa tumbo ukishikwa, ganzi yapasa kupanda hadi usawa wa chuchu. Ikipanda hivyo, huzizuia pia neva zikazazo mishipa ya damu. Mishipa hutanuka na shinikizo la damu hushuka. Tena iko neva itokayo moja kwa moja kwenye ubongo hadi tumboni, ambayo ganzi haifikii. Utumbo ukivutwa, mgonjwa huweza kuona kichefuchefu. Mwisho, dozi moja hudumu kwa muda wa saa mbili au tatu hivi, na upasuaji waweza kuzidi hapo.

Kwa sababu hizo, nusukaputi ndiyo msingi wa upasuaji huu, na mara nyingi ganzi huongezwa juu yake. Faida ya nyongeza hiyo huonekana baadaye: mgonjwa huhitaji mofini kidogo, nayo ndiyo dawa ipunguzayo mwendo wa utumbo. Hupumua kwa kina, hukohoa bila kuogopa kidonda, na huamka kitandani mapema.

Je, ganzi huzuia saratani kurudi?

Wanasayansi waliwaza hivi: upasuaji huudhoofisha ulinzi wa mwili kwa muda, na huenda seli chache za saratani zikaponyoka wakati huo. Ganzi ikipunguza mshtuko wa mwili na haja ya mofini, pengine saratani itarudi kwa wachache zaidi. Wazo lilikuwa zuri, lakini wazo si ushahidi. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 446 waliopasuliwa saratani za tumboni: waliopata ganzi ya mgongo pamoja na nusukaputi hawakutofautiana na wenzao. Mwaka 2019 utafiti wa wanawake zaidi ya 2,100 wenye saratani ya matiti, katika nchi 8, ulionyesha kwamba ugonjwa ulirudi kwa asilimia 10 katika kila kundi.

Funzo ni hili: njia ya kuzuia maumivu huchaguliwa kwa kuangalia moyo, mapafu na aina ya upasuaji wa mgonjwa, haiamui hatima ya saratani. Kinachosaidia zaidi ni kuwahi. Mtu aonaye damu katika choo, au ambaye mwendo wa choo chake umebadilika kwa majuma kadhaa, asingoje.

Jaribio

Bupivakaini ya mgongo mara nyingi huchanganywa na glukosi, miligramu 80 kwa kila mililita, ili iwe nzito kuliko kimiminika cha mgongoni. Yeyusha gramu 8 za sukari katika maji, ongeza maji hadi yafike mililita 100, kisha tia rangi. Idondoshe taratibu katika bilauri ya maji safi, na utazame.

Maswali

1. Rangi ilielekea wapi, na kwa nini?
2. Mgonjwa akiinamishwa kichwa chini mara baada ya sindano, ganzi itaelekea wapi? Kuna hatari gani?
3. Kwa nini utafiti hulinganisha makundi mawili, wala si kutazama kundi moja tu?