Lishe ya Perege wa Bwawani na Ukomo wa Pumba

Somo hili linavihusu vyama vya msingi ambavyo wanachama wake hufuga perege, au sato kama waitwavyo kando ya Ziwa Victoria, katika mabwawa ya udongo. Lalamiko linalosikika mara nyingi kwa wafugaji wa namna hii ni moja. Vifaranga walipandikizwa, wakalishwa pumba kila siku bila kukosa, wakakua vizuri miezi miwili au mitatu ya mwanzo, kisha wakadumaa. Bwawa linapovuliwa mwezi wa saba, samaki ni wa ukubwa wa kiganja na fedha ya pumba hairudi. Hapo lawama humwangukia aliyeuza vifaranga.

Pengine lawama hiyo ni ya haki. Lakini aghalabu chanzo kimo katika chakula, na mfugaji akielewa jinsi jambo hili linavyotokea anaweza kulitambua mapema, kabla mtaji haujapotea.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba perege wa bwawani hula mahali pawili. Anakula anachotupiwa na mwenye bwawa, na anakula kilichomo ndani ya maji yenyewe: vijimea na vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, ambavyo ndivyo huyapa maji rangi ya kijani. Maumbile yake yameelekezwa huko. Ukimpasua perege utaona utumbo mwembamba uliojikunja mara nyingi, ambao ukinyooshwa huwa mrefu mara kadhaa kuliko samaki mwenyewe. Huo ni utumbo wa mla majani. Kambare ana utumbo mfupi, kwa kuwa yeye ni mla nyama, na ndiyo sababu chakula cha perege hakimtoshi.

Sasa tutazame thamani ya vyakula hivyo viwili. Chakula cha asili cha majini, kikihesabiwa kikiwa kikavu, karibu nusu yake ni protini, yaani kile kijengacho mwili. Pumba za mahindi zina protini kiasi cha sehemu 10 hadi 12 tu katika 100. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga na makapi. Perege mchanga huhitaji chakula chenye protini zaidi ya 35 katika 100, na aliyekwisha kukua huhitaji 25 hadi 30. Kwa hiyo, katika bwawa lenye maji ya kijani, vitu hivi viwili hugawana kazi: maji hutoa protini ya kujenga mwili, na pumba hutoa nguvu. Hapo pumba huonekana kuwa chakula bora, na mfugaji huzisifu.

Tuchukue mfano wa bwawa la mita za mraba 300 lililopandikizwa vifaranga 600 wenye uzito wa gramu 5 kila mmoja. Uzito wa wote ni kilo 3. Wakifika gramu 80, uzito wao ni kilo 48. Bwawa ni lile lile na maji ni yale yale, lakini mzigo umeongezeka mara 16. Chakula cha asili hakiwezi kuongezeka kiasi hicho, hivyo fungu la kila samaki hupungua siku hata siku, na hatimaye samaki hutegemea pumba peke yake. Siku hiyo ndiyo ukuaji hukoma. Mfugaji akiona hivyo huongeza pumba, nazo hazisaidii, maana kilichopungua ni protini. Wanga uliozidi hugeuka mafuta. Samaki akipasuliwa huonekana mafuta meupe yamezunguka utumbo, na nyama haikuongezeka.

Ipo sababu ya pili ya kudumaa, nayo isichanganywe na hiyo. Perege huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne tu, hata akiwa mdogo, na jike huatamia mayai mdomoni, na muda huo wote hali kitu. Wavu ukitoa samaki wa kila kimo, wakubwa kwa vitoto, tatizo ni uzazi, na chakula bora hakitaliponya. Dawa yake ni kupandikiza madume watupu au kuvua vitoto mara kwa mara. Wavu ukitoa samaki wa kimo kimoja, wenye vichwa vikubwa na migongo myembamba, tatizo ni lishe.

Namna ya kutambua kwamba ukomo wa pumba umekaribia ni kupima. Kila baada ya wiki mbili au tatu wavuliwe samaki wapatao 50. Ndoo yenye maji ipimwe kwanza, samaki watiwe, kisha ipimwe tena. Tofauti ikiwa kilo 4, wastani ni gramu 80. Uzito huo uandikwe katika daftari. Vipimo viwili vikifuatana bila nyongeza ya maana, na hali ya hewa haikubadilika, hapana haja ya kungoja cha tatu.

Hatua ya kwanza ni kuyalisha maji. Samadi ya ng'ombe au ya kuku iwekwe katika uzio wa fito pembeni mwa bwawa, ikilowa kidogo kidogo. Kipimo cha rangi ni mkono wenyewe: ukiuzamisha mpaka kiwiko na vidole vikapotea machoni, kijani kimetosha. Vikipotea kabla ya hapo, samadi isimamishwe kwanza, kwa kuwa vijimea vikizidi huvuta hewa ya oksijeni usiku na samaki huamka wakitweta juu ya maji.

Hatua ya pili ni kuongeza protini katika chakula cha mkono. Mchanganyiko unaowezekana katika wilaya nyingi ni huu: pumba za mahindi kilo 50, mashudu ya alizeti kilo 25, dagaa wakavu waliosagwa kilo 20, na unga wa muhogo kilo 5 uliopikwa uji ili kushikanisha. Tukikadiria pumba kuwa na protini 12 katika 100, mashudu 28 na dagaa 55, kilo 100 hizo zitakuwa na kilo 24 hivi za protini. Kwa perege waliokwisha kukua, wanaoishi katika maji ya kijani, kiasi hicho kinafaa. Kwa vifaranga hakitoshi, na dagaa waongezwe. Mashudu ya pamba yanapatikana kwa urahisi Mwanza na Shinyanga na yana protini nyingi, lakini yana sumu ya asili iitwayo gosipoli, hivyo yawe sehemu ndogo tu. Soya nayo isitiwe mbichi. Lazima ikaangwe au ichemshwe, ama sivyo huzuia protini isimeng'enywe.

Wengi watasema dagaa ni ghali, na kweli ni ghali, tena ni kitoweo cha watu. Ila hesabu ya mfugaji haifanywi kwa bei ya kilo ya chakula. Hufanywa kwa kilo za chakula zilizoleta kilo moja ya samaki. Kwa mfano wa hesabu tu: chakula cha shilingi 600 kikihitajika kilo 6 ili kupata kilo ya samaki, kilo hiyo imegharimu shilingi 3,600. Chakula cha shilingi 1,500 kikihitajika kilo 2, imegharimu 3,000, na samaki wamefika sokoni mapema. Chama kisichoandika daftari hakiwezi kujua kiko upande gani. Huko Kenya, serikali ilipoanzisha mwaka 2009 mpango wa kuchimba maelfu ya mabwawa ya mita za mraba 300, gharama na ubora wa chakula vilikuwa miongoni mwa vikwazo vikubwa baada ya msaada wa awali kwisha, na mabwawa mengi yakaachwa.

Ama kuhusu kiasi, samaki wa gramu 20 hulishwa kwa siku sehemu 5 katika 100 ya uzito wake, wa gramu 80 hadi 100 sehemu 3, na wakubwa zaidi sehemu 2. Wale kilo 48 wa mfano wetu watapewa kilo moja na nusu pungufu kidogo, mara mbili kwa siku, jua likiwa limepanda. Alfajiri haifai, kwa sababu ndipo oksijeni inapokuwa haba. Katika nyanda za baridi kama Njombe, maji yakishuka chini ya nyuzi 20, samaki hula kidogo mno, na anayewatupia kipimo cha kawaida analisha matope. Chakula kilichobaki huoza, huvuta oksijeni, na samaki waliodhoofika hushikwa na ukungu na vidonda.

Magonjwa yatokanayo na lishe yenyewe ni machache katika bwawa la kijani, kwa kuwa maji hutoa vitamini. Hatari huja samaki wanapowekwa wengi mno au katika vizimba. Miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kambare wa vizimbani waliokosa vitamini C walipinda mgongo. Vitamini hiyo huharibika kwa joto na kwa kukaa, kwa hiyo chakula cha dukani kilichopitwa na muda kisinunuliwe kwa kuwa ni rahisi.

Chama kikinunua kwa pamoja kichague watu wawili wa kukagua mzigo. Dagaa wa kulishia mifugo mara nyingi huja na mchanga wa mwaloni, na mchanga una uzito. Konzi moja itiwe katika bilauri ya maji, na kinachozama chini ndicho ambacho chama kingelipia bure. Pumba zitazamwe kama hazikuchanganywa na makapi ya mpunga. Kubwa kuliko yote ni kuvu. Mwaka 1960 trauti waliofugwa Marekani walionekana kwa wingi kuwa na uvimbe wa saratani katika ini, na chanzo kikaja kujulikana kuwa ni sumukuvu iliyokuwa katika mashudu ya pamba. Mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na itumike kabla ya miezi miwili. Gunia lenye uvundo au madoa ya kijani lirudishwe kwa muuzaji siku hiyo hiyo, wala lisichanganywe na zuri kwa nia ya kulipunguzia ubaya, kwa kuwa sumu hiyo haiondoki kwa kuanikwa wala kwa kupikwa.