Mto Ukifurika, Upendo uko wapi?

Wapendwa, vijana wanaokuja kuandikisha ndoa huniambia, "Sisi twapendana, basi." Nami nawauliza: na mto ukifurika je?

Hapa Ngao si swali la mzaha. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalimeza mashamba ya ukingoni mwa Tana. Mwaka 2024 maji yakarudi, watu wakahamia sehemu za juu. Maji yakipungua ndizi zimeoza, mpunga hakuna. Mume asema, "Naenda Mombasa kutafuta kibarua." Kwenda si kosa, wengi huenda kwa ajili ya upendo huo huo. Lakini kuna anayetuma pesa ya unga na kuuliza watoto wanaendeleaje, na kuna anayenyamaza mwaka mzima, halafu twasikia ana nyumba nyingine huko. Na wote wawili siku ya harusi walitoa ahadi ile ile!

Akina mama nasi tusicheke. Kumnunia mtu miezi sita ndani ya nyumba moja nako ni kuondoka.

Lakini kudumu si kuvumilia kipigo. Anayepigwa atafute usalama kwanza, mazungumzo baadaye. Kanisa linamruhusu kuishi mbali na anayemhatarisha, ingawa kifungo cha ndoa kinabaki. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inataja ukatili, na kutelekezwa kwa miaka mitatu, kuwa sababu za kuomba talaka mahakamani.

Ya kujadili katika jumuiya: Kabla mmoja hajasafiri, mnakubaliana nini juu ya pesa, watoto na siku ya kurudi? Na nani awe shahidi wenu?