Pita ya Nguruwe ya Kigiriki kwa Afya ya Familia

Katika mitaa ya Athens na Thessaloniki, chakula cha haraka kinachopendwa mno ni pita: mkate laini wa duara uliokunjwa, ndani yake nyama ya nguruwe, nyanya, vitunguu na tzatziki, yaani mtindi mzito wenye tango. Nyama ikikatwa kutoka kwenye chuma kirefu kinachozunguka kando ya moto, huitwa gyros; ikichomwa kama mishikaki, ni souvlaki. Nyumbani kikaango kizito kinatosha.

Mafuta mengi ya pita ya mtaani hutoka kwenye nyama iliyonona na chipsi zinazoshindiliwa ndani. Chipsi ziache kabisa. Nyama nayo, nunua sarara, ule mnofu laini wa ndani ya mgongo, nusu kilo kwa watu wanne.

Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Hili nalisisitiza kwa sababu nyama ya nguruwe inaweza kuwa na tegu wachanga, ambao huonekana kama vifuko vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya mchele. Ukiviona, usiipike, mrudishie muuzaji na uwaarifu maofisa wa afya. Hata nyama iliyokaguliwa iive hadi ndani, isibaki na rangi ya waridi. Mwenye kipimajoto cha jikoni asubiri nyuzi 71 za Selsiasi.

Kata nyama vipande vyembamba, uondoe mafuta yote meupe. Changanya na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya zeituni, maji ya nusu limau, punje mbili za kitunguu saumu kilichopondwa, kijiko cha chai cha oregano kavu, pilipili manga na chumvi robo kijiko cha chai. Usiongeze chumvi zaidi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na mkate una chumvi yake. Weka nyama kwenye friji nusu saa. Ubao na kisu ulivyokatia nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya.

Tzatziki ndiyo roho ya chakula hiki, na hapa subira inahitajika. Mimina mtindi usio na sukari, vikombe viwili, kwenye kitambaa safi na uuache uchujike ndani ya friji kwa saa mbili. Kwangua tango moja, linyunyizie chumvi kidogo, ngoja dakika kumi, kisha likamue kwa mkono hadi lisitoe tone. Ukiliacha na maji yake, mtindi utakuwa mwepesi na mkate utalowa kabla haujafika mezani. Changanya tango na mtindi, ongeza punje moja ya kitunguu saumu, limau, kijiko cha mafuta ya zeituni na majani machache ya mnanaa.

Kaanga nyama kwa moto mkali, kidogo kidogo, ili iwe kahawia badala ya kuchemka katika maji yake. Pasha pita ya ngano isiyokobolewa. Ukiikosa, chapati ya unga wa atta isiyopakwa mafuta inafaa sana. Paka tzatziki, weka nyama, kisha nyanya na vitunguu kwa wingi, ukunje.

Asiyekula nguruwe atumie minofu ya kuku, kama wanavyofanya Wagiriki wengi. Tzatziki ikibaki, ifunike, uiweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku mbili.