Hiyo odowa si ya mimba, mama

SHANGAZI, nina miaka 37 na watoto wawili. Nina kibanda cha M-Pesa hapa Komarock, Phase 3. Mwaka mzima sasa hedhi yangu inakwenda siku nane au tisa, tena kwa mabonge, hadi navaa pedi mbili pamoja. Wa duka la dawa alinipa vidonge. Damu ikapungua mwezi mmoja, kisha ikarudi. Jirani anasema ni ile sindano ya kupanga uzazi niliyodungwa miaka ya nyuma. Dada yangu anasema ni fibroidi, na nikienda hospitali watanitoa kizazi. Mume wangu sijamwambia, haya si mambo ya wanaume. Nachoka sana, na siku hizi natafuna odowa kutwa, yale mawe laini ya udongo wapendayo wajawazito. Wateja hunitania eti nina mimba, nami nacheka nao. Nitumie dawa gani?
Mama wa Phase 3

Dawa tutaifikia. Kwanza hicho kicheko.

Watu wanasema una mimba. Wewe wajua huna, unavuja damu. Na bado unacheka nao, maana kwako ni heri Phase 3 yote iamini unatarajia mtoto kuliko mtu mmoja ajue unaumwa. Hapo ndipo uliponishtua, mwanangu, kuliko hata hayo mabonge.

Odowa yenyewe inasema mengi. Mwili ukipungukiwa madini ya chuma, baadhi ya watu hushikwa na hamu ya udongo, mawe laini, hata barafu. Watafiti waliowachunguza wajawazito wa Kilifi miaka ya 1990 walikuta zaidi ya nusu wanakula udongo, na walaji hao walikuwa na chuma kidogo mwilini kuliko wenzao. Lakini kuila hakukurudishii damu. Udongo waweza hata kukizuia chuma cha chakula kisiingie mwilini, na mara nyingine hubeba mayai ya minyoo na madini ya sumu kama risasi. Hedhi yako inamwaga damu haraka kuliko sukuma wiki yako inavyoweza kuirudisha. Uchovu wako umetoka huko, si kwa kukaa kibandani.

Jirani mwache. Sindano huvuruga hedhi ukiwa unaitumia na miezi kadhaa baada ya kuiacha; ya miaka ya nyuma usiisingizie. Dada yako huenda amepatia nusu. Fibroidi ni uvimbe wa kawaida sana kwa wanawake Waafrika na kwa kawaida si saratani. Kuna vidonge vya kupunguza damu, kuna koili yenye homoni, kuna upasuaji wa kuondoa uvimbe kizazi kikabaki. Daktari haruhusiwi kupanga kukutoa kizazi bila wewe kuelezwa na kutia sahihi. Ila huenda si fibroidi kabisa, na ndiyo sababu sikutajii kidonge: wa duka la dawa alikuzibia damu bila kujua inatoka wapi.

Sasa nikugombeze. Nani alikuambia damu ya mwanamke ni ya kufichwa hata ikimmaliza? Najua, tulifunzwa sote. Msichana anavunja ungo, anapewa pedi na kuonywa kaka zake wasijue, basi, somo limeisha. Mtoto huyo anakua, anakuwa seneta, na mambo ni yale yale. Februari 2023 Gloria Orwoba, seneta wakati huo, aliingia Seneti na doa jekundu kwenye suti nyeupe. Wenzake wakalalamika, akatakiwa atoke akabadilishe nguo. Watu wazima, wote wamezaliwa na wanawake!

Na huyo mume. Yeye angevuja damu puani siku tisa kila mwezi, ungekuwa umeshaita ukoo mzima na mchungaji juu. Wewe unalala naye kitanda kimoja, unafua shuka gizani, asubuhi unampikia chai. Hiyo si heshima ya ndoa. Mwanamume aliyeoa ameoa na kizazi chenyewe, kikiwa kizima na kikiwa kinauma. Leo jioni mwambie, na usimwombe ruhusa, mwarifu: naumwa, naenda hospitali, kibanda utakiangalia wewe au tutakifunga. Kama una binti, asikie. Ukinyamaza, naye atajifunza kunyamaza.

Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko hapo hapo kwenu. Nenda na tarehe za hedhi zako umeziandika, na utaje odowa bila kuona haya. Omba wapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ni upungufu. Wapime mimba pia, maana hata ambaye hana hupimwa, kisha upigwe picha ya altrasaundi. Kwa umri wako uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi haungoji dalili, kwa hiyo waulize. Kama hutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, liseme hilo kabla ya yote. Ukipewa vidonge vya chuma, usivimeze kwa chai, chai hukizuia.

Na pedi ikianza kujaa kila saa, saa mbili tatu mfululizo, au upate kizunguzungu na moyo kwenda mbio, usingoje kupambazuke. Nenda kitengo cha dharura usiku huo huo, na mumeo ndiye akupeleke.