BWAWA LA UANI NA MAJI YAANGUKAYO

Mabwawa madogo ya samaki si jambo geni tena katika nchi ya Kenya. Ufugaji wa ngege katika mabwawa ulijaribiwa nchini tangu mwaka 1924, na kituo cha Sagana, ambacho hata leo huzalisha vifaranga wa samaki, kilianzishwa mwaka 1948. Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango mkubwa wa kuwachimbia wakulima mabwawa, kila moja likiwa na eneo la mita za mraba 300. Baadhi ya mabwawa hayo yangali yakitoa samaki. Mengine yalikauka na kuota nyasi.

Katika nyua za mijini, na hata mashambani, wapo wanaojenga pia maporomoko madogo kando ya bwawa, mawe yakipangwa kama ngazi na maji yakiteremka juu yake. Jirani apitaye husema kwamba ni pambo. Kweli ni pambo, lakini kazi yake kubwa si kupendeza macho. Maji yale yaangukayo ndiyo yawapayo samaki pumzi, na mtu asiyeelewa jambo hili aweza kutumia fedha nyingi, kisha akaamka asubuhi moja na kuwakuta samaki wake wakielea matumbo juu.

Kwa nini samaki hufa alfajiri

Samaki huvuta pumzi kama mtu, ila yeye hutumia hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Sehemu ya hewa imfaayo huitwa oksijeni. Kwa kawaida lita moja ya maji yenye joto la digrii 25, mahali palipo karibu na usawa wa bahari, hushika oksijeni kiasi cha miligramu 8 tu. Maji yakizidi kupata joto, kiasi hicho hupungua. Na katika nchi ya juu, kama vile Nairobi au Nyeri, hupungua pia, kwa maana hewa yenyewe ni nyepesi.

Mchana mimea midogo sana ya kijani iliyomo majini, yaani mwani, hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku mwani huo huo huiacha kazi hiyo, nao huanza kuvuta oksijeni pamoja na samaki. Samadi na majani yanayooza chini ya bwawa nayo hudai sehemu yake. Basi tangu jua kuchwa akiba huendelea kupungua, na saa iliyo mbaya kuliko zote ni ile ya kabla ya mapambazuko. Bwawa lenye maji ya kijani kizito, ambalo mchana laonekana limestawi sana, ndilo lenye hatari kubwa usiku. Siku za mawingu mfululizo, kama wakati wa masika, hatari huongezeka, kwa kuwa mwani haukupata jua la kutosha kuweka akiba.

Dalili yake haifichiki. Alfajiri samaki hupanda juu, hutoa midomo nje ya maji na kutweta. Mwenye bwawa asiye na uzoefu hudhani kwamba wana njaa, akawatupia chakula. Hilo ni kosa kubwa, maana chakula kisicholiwa huoza, na huko kuoza hula oksijeni ile ile iliyopungua. Siku kama hiyo yafaa kuwanyima chakula, kuacha kutia samadi, na kuingiza maji mapya kwa kuyaangusha kutoka juu.

Maji yaangukapo huvunjika, na kila tone hugusana na hewa. Mkondo mnene utokao katika bomba na kuzama kimya kimya bwawani hausaidii sana. Maji yale yale yakipitishwa juu ya jiwe pana, yakashuka membamba kama pazia, kisha yakagonga ngazi tatu au nne za mawe, yatachukua hewa nyingi zaidi. Maji ya kisima kirefu yastahili uangalifu wa pekee. Huonekana safi kama kioo, lakini mara nyingi yana oksijeni haba kwa kuwa yametoka ndani ya ardhi. Hayo hasa yasiingie bwawani bila kuangushwa.

Shamba lenye mteremko

Mkulima ambaye shamba lake lina kijito upande wa juu, kama ilivyo katika miteremko mingi ya Murang'a, Kisii na Kakamega, hahitaji mashine yo yote. Mteremko wenyewe utamfanyia kazi usiku na mchana. Lakini kabla ya kuchepusha maji ya mto hapana budi kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kama ilivyoagizwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kwa maana wako watu wengine chini wanaoyategemea maji yale yale.

Jambo la kwanza ni udongo. Twaa konzi ya udongo kutoka chini, uloweshe kidogo, ufinyange kuwa donge, ulirushe juu kiasi cha mita moja na kulidaka. Likipasuka, udongo una mchanga mwingi na bwawa litavuja. Likibaki zima, kuna matumaini. Jaribio lililo bora zaidi ni kuchimba shimo lenye kina kifikacho kiunoni na kulijaza maji asubuhi. Jioni maji yatakuwa yamepungua kwa sababu udongo umekunywa. Lijazwe tena na kufunikwa kwa majani. Kesho yake asubuhi, maji yakiwa karibu pale pale, udongo wafaa.

Kina cha sentimita 80 upande wa maji yaingiapo na mita 1 na sentimita 20 upande wa yatokapo chatosha kwa ngege. Tuta hujengwa kwa tabaka za sentimita 20, kila tabaka ikishindiliwa sawasawa kabla ya kuongezwa nyingine, na ubavu wake usiwe wima. Kwa kila mita moja ya kimo, ulale mita mbili. Tuta libaki sentimita 30 au zaidi juu ya maji, na bomba la kupunguzia maji liwekwe ili mvua kubwa isilibomoe.

Bomba la kuingizia maji liwe juu ya uso wa bwawa, sentimita 20 au zaidi, nalo lifungwe wavu ili samaki wa mtoni wasiingie. Pale maji yaangukapo pawekwe mawe makubwa bapa, vinginevyo maji yatachimba udongo na kuuchafua mchana kutwa. Ngazi za mawe zikiongezwa hapo, mkulima amepata maporomoko yake bila gharama ila jasho.

Tahadhari moja: katika nchi ya baridi ngege hakui vizuri. Maji yakiwa chini ya digrii 20 yeye hudumaa, na mtu wa huko akiingiza mkondo mkubwa wa maji ya mlimani usiku kucha atampa samaki pumzi na kumnyima joto. Kijito chembamba chatosha.

Ua wa mjini

Mjini hakuna kijito, na hapo ndipo fedha hupotea. Shimo hutandikwa karatasi nzito ya plastiki itengenezwayo kwa kazi hiyo, au hujengwa kwa simiti, na pampu ndogo huyavuta maji kutoka bwawani na kuyapandisha juu ya maporomoko ili yarudi tena.

Kosa lionekanalo mara nyingi limo katika maporomoko yenyewe. Fundi huyapanga mawe juu ya udongo mtupu, akayashikiza kwa simiti kidogo, akaondoka. Maji hupita katikati ya mawe na kunyonywa na udongo ulio nyuma yake. Mwenye nyumba huona maji yakipungua kila siku, akalaumu jua. Jua hula kweli, lakini hesabu yake yajulikana: bwawa la mita za mraba 20 likipungua milimita 5 kwa siku limepoteza lita 100. Zikipotea lita mia nne au mia tano, mwizi ni mwingine. Kumgundua si vigumu: pampu izimwe kwa siku moja, samaki wakichungwa. Maji yakiacha kupungua, tundu limo katika maporomoko na si katika bwawa. Dawa yake ni kutandika plastiki chini ya mawe yote, kuanzia juu hata ndani ya bwawa, na kuzikunja kingo zake pande zote mbili ziwe juu kuliko maji. Pampu nayo isikae sakafuni pa bwawa, bali iinuliwe juu ya matofali, ili ikitokea kuvuja usiku isiwamalizie samaki maji yote.

Simiti mpya hutoa chokaa iwezayo kuwaua samaki. Bwawa lijazwe, likae siku kadhaa, limwagwe, na kazi hiyo irudiwe kabla ya kuleta samaki. Maji ya mfereji wa mji hutiwa dawa ya klorini, nayo pia ni adui wa samaki. Yakiachwa yaporomoke siku kadhaa kwenye jua, klorini hutoka.

Sasa lipo jambo lililo kubwa kuliko hayo yote. Watu wengi huwasha pampu mchana, wageni wapate kuyaona maji, na kuizima walalapo ili kupunguza gharama ya umeme. Wamegeuza mambo juu chini, maana mchana mwani wafanya kazi, na usiku ndipo samaki wanapohitaji msaada. Pampu ya wati 50 ikifanya kazi saa kumi na mbili za usiku hutumia umeme usiofika yuniti moja. Ikiwa ni lazima kubana matumizi, na izimwe mchana.

Anayetumia umeme wa jua ana shida nyingine, kwani pampu yake hulala jua linapolala. Huyo yafaa aweke tangi la lita 5,000 juu ya jukwaa, pampu ilijaze mchana kwa maji ya bwawa, kisha koki ifunguliwe saa nane usiku. Maji yakitoka lita 20 kwa dakika, hata saa kumi na mbili asubuhi zitakuwa zimeanguka lita 4,800, nayo ndiyo saa za hatari hasa. Hata hivyo msaada huu ni wa bwawa dogo lenye samaki wa kiasi. Samaki wawili au watatu kwa kila mita ya mraba wametosha, na yafaa wawe madume watupu, kwa kuwa ngege jike huzaa upesi na kulijaza bwawa kwa watoto wasiokua.

Nyasi za ukingoni zikatwe, maana mbu hutaga palipo na maji yaliyotulia chini ya majani, na konokono waletao kichocho hujificha humo. Ngege hula viluwiluwi vya mbu, lakini hafiki penye magugu mazito.

Tena bwawa lizungushiwe ua wenye mlango ufungwao, kabla maji hayajatiwa. Mtoto mdogo huvutwa na mlio wa maji yaangukayo kuliko kitu kingine cho chote, na kina cha sentimita 80 kinamzidi kimo.