Kufundisha Mfuatano wa Kazi: Mfano wa Redio ya Skrini katika Gari la Spoti

Aghalabu mwalimu anayeanza kazi, akitakiwa kufundisha jambo lenye hatua nyingi, huziandika hatua hizo ubaoni kwa namba. Wanafunzi huzinakili, kisha huzikariri. Siku ya jaribio karibu wote huandika majibu sahihi. Lakini kazi ikibadilika kidogo tu hawajui waanzie wapi, kwa sababu walijifunza namba za hatua wala hawakujifunza sababu zake.

Kusudi la makala hii ni kuwaonyesha walimu wanafunzi njia ya kufundisha mfuatano wa kazi ili mtoto aelewe kwa nini hatua moja hutangulia nyingine. Mfano tutakaoutumia ni kazi ya fundi anayefunga katika gari la spoti redio yenye skrini ya kugusa, yaani chombo kinachomwonyesha dereva njia kwa ramani na kumpa pia muziki na picha. Twaamini kwamba mfano huu wafaa kwa somo la Sayansi katika darasa la sita au la saba, ambako wanafunzi wamekwisha kujifunza saketi nyepesi ya umeme.

1. Kwa nini mfano huu

Gari la spoti ni gari dogo na jepesi, lililotengenezwa kwa ajili ya mwendo wa kasi, na mara nyingi lina viti viwili tu. Tumechagua Mazda MX-5, gari lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1989. Kufikia mwaka 2016 yalikuwa yamekwisha kutengenezwa magari 1,000,000 ya jina hilo.

Kubadilisha redio katika gari la namna hii si anasa tupu. Magari mengi yaliyokwisha kutumika huletwa Afrika ya Mashariki kutoka Japani. Redio nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangwa kushika masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vya kwetu vimetawanyika kati ya megahezi 87.5 na 108. Kwa hiyo vituo vingi havisikiki. Tena, ramani zilizomo ndani ya vyombo hivyo ni za barabara za Japani, na maandishi yake ni ya Kijapani. Mwenye gari ana haja ya kweli, na kazi yenye haja ya kweli hufundishika vizuri kuliko kazi ya kubuni.

2. Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

(a) Umeme wa gari. Betri ya gari hili ni ya volti 12. Ncha yake hasi imeungwa na bodi ya gari, na bodi yenyewe hutumika kama njia ya kurudishia umeme. Katika matoleo mawili ya kwanza ya MX-5 betri haikai mbele chini ya boneti, bali nyuma ndani ya buti. Mwalimu alitumie jambo hili kuwakumbusha wanafunzi kwamba fundi hutazama kwanza, wala hafanyi kazi kwa mazoea.

(b) Nyaya na rangi zake. Katika redio nyingi zinazouzwa madukani, waya wa manjano huleta umeme wakati wote ili redio isisahau saa na vituo vilivyowekwa. Waya mwekundu huleta umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Waya mweusi ni wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Nyaya nyeupe na za kijivu huenda kwenye spika za mbele, na nyaya za kijani na za zambarau huenda kwenye spika za nyuma. Hizo ni rangi za nyaya za redio. Nyaya za gari lenyewe huweza kuwa na rangi nyingine kabisa, na kwa hiyo kila waya wa gari hupimwa kwa mita au kutafutwa katika kitabu cha gari kabla ya kuungwa.

(c) Njia na setilaiti. Wanafunzi wengi hudhani kwamba setilaiti huliona gari na kuliambia lilipo. Sivyo. Chombo kilichomo garini hupokea tu. Hakipeleki kitu angani. Setilaiti za mfumo wa GPS wa Marekani, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, huizunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Chombo hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani, kisha hukokotoa umbali. Mawimbi hayo husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na kwa hiyo kutoka kwenye setilaiti iliyo juu kabisa ya kichwa hutumia sekunde 0.067 hivi. Ili kujua mahali kamili, chombo huhitaji setilaiti nne: tatu kwa ajili ya umbali, na ya nne ili kusahihisha saa ya chombo chenyewe, kwa maana saa hiyo si hodari kama zile za angani.

3. Aina tatu za hatua

Kiini cha somo ni kwamba hatua za kazi si za namna moja. Tumezigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni hatua zenye mfuatano wa lazima. Nafasi ya redio hupimwa kabla ya redio mpya kununuliwa. Redio za kawaida zina upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Zenye skrini kubwa mara nyingi zina kimo maradufu, yaani milimita 100, na katika gari dogo la spoti nafasi iliyo nyuma ya dashibodi ni finyu. Vilevile ncha hasi ya betri hufunguliwa kabla ya waya wowote kuguswa. Mwanafunzi akiuliza kwa nini isiwe ncha chanya, aelezwe hivi: spana inayofungua ncha chanya ikigusa bodi wakati ncha hasi ingali imeungwa, umeme mwingi hupita katika spana na kutoa cheche na joto kali. Ncha hasi ikisha kufunguliwa, njia hiyo imekatika. Kwa sababu hiyo hiyo, wakati wa kurudisha, ncha hasi huwa ya mwisho.

Fungu la pili ni hatua zisizo na mfuatano wa lazima. Antena ya setilaiti yaweza kuwekwa kabla au baada ya kipaza sauti cha simu. Spika ya kushoto yaweza kuungwa kabla au baada ya ile ya kulia. Anayemwadhibu mtoto kwa kugeuza hatua za fungu hili anamfundisha utii, wala hamfundishi kufikiri.

Fungu la tatu ndilo gumu kuliko yote: hatua ambazo zikirukwa, chombo hakilalamiki. Tuchukue gari lenye spika za milangoni peke yake. Nyaya za kijani na za zambarau hazina kazi, na kila ncha yake yapasa kufunikwa peke yake kwa tepu ya umeme. Fundi asipozifunika, redio italia vizuri siku hiyo. Lakini gari likitikisika barabarani ncha hizo huweza kugusana au kugusa bodi, na redio ikaharibika baada ya wiki au miezi. Fyuzi nayo ni hivyo hivyo: mwenye kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyoungua hataona tofauti yoyote, mpaka siku ya hitilafu, ambapo waya utashika moto badala ya fyuzi kukatika.

Mfano mzito zaidi ni waya wa hendibreki. Redio nyingi za skrini huwa na waya unaopaswa kuungwa na swichi ya hendibreki, ili picha za sinema zisionekane mpaka gari liwe limesimama na hendibreki imevutwa. Wako watu wanaouunga waya huo moja kwa moja na bodi ili skrini idanganyike. Redio hufanya kazi, mwenye gari hufurahi, wala hakuna taa inayowaka kuonya. Lakini gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Dereva akiitazama skrini kwa sekunde mbili, gari limekwenda mita 44 bila macho. Katika barabara zetu, ambazo watoto wa shule hutembea kandokando yake asubuhi na jioni, mita 44 si jambo dogo.

4. Kuendesha somo

Tunapendekeza vipindi viwili vya dakika 40.

Kipindi cha kwanza. Mwalimu aanze na mambo ya nyumbani. Aulize: Je, ugali waweza kusongwa kabla maji hayajachemka? Je, ni lazima nyanya ikatwe kabla ya kitunguu? Kwa maswali hayo mawili wanafunzi watatambua wenyewe tofauti ya fungu la kwanza na la pili. Kisha agawe kwa kila kundi la wanafunzi watano kadi nane zilizochanganywa, zenye maneno haya: kupima nafasi ya redio, kununua redio inayolingana, kufungua ncha hasi ya betri, kutoa redio ya zamani, kuunga nyaya na kufunika ncha zisizotumika, kuweka antena ya setilaiti karibu na kioo cha mbele, kurudisha ncha ya betri na kujaribu kila kazi ya redio, kufunga dashibodi. Kila kundi lizipange kadi, na kwa kila kadi lijibu maswali matatu:

Kwa nini hatua hii iko hapa?
Ikirukwa, kitatokea nini?
Tutajuaje kwamba imekamilika?

Mwalimu ajiandae kupokea jibu lililo tofauti na lake. Mathalani, kundi moja laweza kudai kwamba kina cha nafasi hakipimiki mpaka redio ya zamani itolewe, na kwa hiyo betri ifunguliwe kwanza. Dai hilo ni la haki, na mwalimu alisifu mbele ya darasa. Lakini kundi likiweka kufunga dashibodi kabla ya kujaribu, asilisahihishe kwa kalamu nyekundu. Aulize: spika moja isipotoa sauti, mtafanyaje? Watajibu wenyewe kwamba italazimu kufungua upya.

Kipindi cha pili. Zana zinazohitajika ni betri mbili za tochi, balbu mbili ndogo, swichi, nyaya, ubao mdogo, kamba na vigingi vitatu. Kwenye ubao mwalimu aunge balbu ya kwanza moja kwa moja na betri, na balbu ya pili kupitia swichi. Balbu ya kwanza ni mfano wa waya wa manjano. Ya pili ni mfano wa waya mwekundu. Wanafunzi wabadilishane nafasi zake na kusema kitakachotokea kwa redio iliyoungwa kinyume: kila ufunguo ukizimwa, redio husahau yote iliyowekewa.

Baadaye darasa litoke uwanjani. Vigingi vitatu viwe setilaiti, na mwalimu achague kwa siri mahali pamoja uwanjani, kisha akate kamba tatu zenye urefu wa kutoka kila kigingi hadi hapo. Kwa kamba moja wanafunzi watachora duara. Kwa kamba mbili watapata sehemu mbili zinazowezekana. Kwa kamba ya tatu watabakiwa na sehemu moja tu. Mwisho wapime mita 44, mwanafunzi mmoja asimame kila upande, na wengine wahesabu sekunde mbili kwa sauti. Tusiogope kunyamaza kidogo baada ya hapo, ili jambo lenyewe lizungumze.

Tahadhari: wanafunzi wasitumie kamwe umeme wa nyumbani wala betri ya gari. Iwapo pana fundi umeme wa magari karibu na shule, aombwe kuja na redio mbovu, fyuzi iliyoungua na vipande vya nyaya, navyo vitatosha.

5. Kupima mafanikio

Mwalimu asipime kwa kuwataka wanafunzi wazitaje hatua nane kwa taratibu. Awape kazi nyingine wasiyoifundishwa, kama kubadilisha tairi la baiskeli au kupanda miche, nao wazigawe hatua zake katika mafungu matatu. Mwanafunzi anayeweza kutaja hatua moja ya fungu la tatu, na kueleza madhara yake yasiyoonekana mara moja, amelielewa somo.

Sisi walimu nasi tuna hatua za fungu la tatu. Somo lisilofanyiwa maandalio laweza kwisha salama. Daftari lisilosahihishwa halipigi kelele. Mtoto asiyeelewa, akinyamaza nyuma ya darasa, hawashi taa ya kuonya. Ndiyo maana hatua hizo zahitaji mwalimu anayezitimiza hata pale ambapo hakuna anayemtazama.

Maswali ya kujadiliana

1. Chagua somo moja ulilofundisha katika mazoezi ya kufundisha. Hatua zake zipi zilikuwa na mfuatano wa lazima, na zipi hazikuwa nao?
2. Mwanafunzi asema, "Redio inafanya kazi, kwa hiyo fundi hakukosea." Utamjibuje bila kumvunja moyo?
3. Tayarisha kadi nane za kazi inayofanywa katika mazingira ya shule yako, pamoja na majibu ya yale maswali matatu kwa kila kadi.
4. Kokotoa umbali ambao gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupita katika sekunde tatu, kisha eleza utakavyouonyesha umbali huo kwa darasa lisilo na uwanja mkubwa.