Shepard Kakuuma? Njoo Tuongee

Mdogo wangu, nimekusoma. Umemaliza Mass Effect zote tatu, chakula hakipiti, na kaka yako anakucheka eti unamlilia mtu wa kwenye gemu. Mwache acheke. Siku timu yake ikifungwa dakika ya tisini tutamtazama na yeye.

Huyo Shepard si mtu uliyemtazama tu kama wa tamthilia. Sura umemchagulia wewe, maneno umemchagulia wewe. Tangu gemu ya kwanza, ya 2007, ulikuwa ukiamua nani aishi na nani afe, kisha ukayahamisha maamuzi yako kwenye ya 2010 na ile ya 2012. Katika ya pili, ukizembea kuiimarisha meli, rafiki anakufa mbele ya macho yako. Ni BioWare, watengenezaji wenyewe, wale wa Edmonton kule Kanada, waliokuzoesha kuamini kwamba kila ulichofanya kitahesabiwa. Halafu mwisho unafika, kinaibuka kiumbe chenye umbo la mtoto, hujawahi kuongea nacho hata siku moja, kinakupa njia tatu: nyekundu, bluu, kijani. Uliyemwokoa, uliyemtosa, kwake yote mamoja.

Sasa nikuulize: kinachokuuma ni kwamba Shepard amekufa? Sidhani. Mordin, yule mwenzako mwanasayansi, naye umesema alikufa, tena katika gemu hiyohiyo ya tatu, na barua ya kumlalamikia hukuniandikia. Alipanda kwenye mnara unaolipuka kwenye sayari ya Tuchanka ili awaondolee wenyeji wake, Wakrogani, utasa ambao yeye mwenyewe alishiriki kuuendeleza. Ulilia, ukaridhika. Kifo chake kilitoka ndani yake. Cha Shepard kimeletwa na mgeni aliyeingia dakika za mwisho. Hicho ndicho kidonda chako, na ukishakijua utaweza kukisema bila kupiga kelele.

Mashabiki wa 2012 walikisema vizuri sana. Walichangishana, wakawatumia BioWare keki ndogondogo zipatazo 400, nyekundu, bluu na kijani, na ladha ya zote ni moja: vanila. Tusi halimo hata moja. Napenda mno watu wanaogomba hivyo! Wengine walichangia zaidi ya dola 80,000 kwa Child's Play, shirika linalowapelekea watoto hospitalini gemu na vitu vya kuchezea. Kuna na mmoja aliyewashtaki BioWare kwa tume ya biashara ya Marekani. Huyo hatujaelewana.

Juni mwaka huohuo kampuni ikatoa nyongeza ya bure: ikaonyesha wenzako walivyoondolewa vitani, na ikaweka njia ya nne, ya kukataa zote. Mtoto akabaki palepale. Na wewe uliyecheza toleo la 2021, lenye gemu zote tatu pamoja, nyongeza hiyo ilikuwa ndani tayari. Yaani ulicholilia wewe ndicho kilichokwisha kurekebishwa.

Ila hasira yako usimgeuzie mtu. Mwaka 2020 Laura Bailey, aliyemwigiza Abby katika The Last of Us Part II, alitishiwa kuuawa kwa hadithi ambayo hata hakuitunga. Nikisikia umemtumia mtu ujumbe wa namna hiyo, hapa kwangu usibishe hodi.

Sasa dawa. Rudi pale ulipo-sevu kabla ya kushambulia makao ya wale maadui wa Cerberus, uingie kwenye ile sehemu ya Citadel iliyotoka 2013. Humo Shepard anawaalika wenzake nyumbani. Watu wanakunywa, wanataniana, na Shepard anacheza muziki vibaya hadi unaona haya kwa niaba yake. Mashabiki wengi wanaihesabu hiyo ndiyo kwaheri yenyewe. Sherehe ikiisha, mkishapiga picha ya pamoja, zima mashine, ukalale.

Kama hukuacha sevu yoyote ya kabla ya hapo, pole, itabidi uanze na gemu ya kwanza. Safari hii mtulize Wrex, yule mwenzako Mkrogani, mtakapofika Virmire, usimpoteze. Asipokuwepo, sherehe inapooza.